Kati ya Sindano na Majibu

Katika hatua zote za uchunguzi wa saratani ya tezi dume, hakuna ambayo hospitali huishughulikia kwa uchache kama ile iliyopo kati ya siku mwanamume anapochukuliwa kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kupimwa maabara, na siku anapoitwa kusomewa majibu. Kwa daktari, kipindi hicho ni nafasi tupu kwenye faili, kwa kuwa kazi imehamia maabara na hana la kumwambia mgonjwa wake mpaka karatasi irudi. Kwa mgonjwa ndicho kipindi kirefu kuliko vyote, na wapo waliopitia upasuaji na mionzi ambao bado hukitaja kuwa kigumu kuliko matibabu yenyewe. Sura hii inaeleza yanayoendelea katika majuma hayo, ndani ya maabara na ndani ya akili ya anayesubiri, na inashikilia kwamba wasiwasi wa kusubiri hauondoki kwa kuamriwa uondoke, lakini unaweza kuwekewa mipaka, na kwamba mpaka ulio imara kuliko yote ni kuyajua mapema majibu ambayo karatasi ile inaweza kuyaleta.

Tezi dume ni kiungo kilichokaa chini ya kibofu cha mkojo, kikiuzunguka mrija unaopitisha mkojo, na kazi yake kubwa ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Miongoni mwa vitu inavyovitengeneza ni protini iitwayo PSA, ambayo kiasi chake kidogo huvuja na kuingia kwenye damu, na kupanda kwa kiasi hicho ndiko kunakowafikisha wanaume wengi kwenye kipimo cha kinyama. Nchini Marekani kipimo cha PSA kiliidhinishwa mwaka 1986 kwa ajili ya kuwafuatilia watu waliokwisha kujulikana kuwa na saratani, na mwaka 1994 kikaruhusiwa kutumika kuitafuta saratani kwa wasiojua kama wanayo. Tangu wakati huo kikomo cha nanogramu 4 kwa kila mililita ya damu kimezoeleka mno, hata watu hukizungumza kana kwamba upande mmoja wake ni uzima na wa pili ni ugonjwa. Ukweli ni kwamba PSA hupandishwa pia na kutanuka kwa tezi kunakokuja na umri, ambako si saratani, na vilevile na maambukizi. Makadirio yanayotumika sana katika nchi ambako wanaume hupimwa mapema yanasema kwamba kati ya wanaume wanne wanaochukuliwa kinyama kwa sababu ya PSA iliyopanda, ni mmoja hivi anayekutwa na saratani. Na kwa upande wa pili, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliikuta saratani kwa takriban asilimia 15 ya wanaume ambao PSA yao haikuzidi 4. Uwiano huo hauwahusu kwa namna ileile wale wanaofika hospitali wakiwa na maumivu ya mifupa na PSA iliyofikia mamia, na ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari wake yeye yuko katika kundi lipi, kwa kuwa kufarijiwa kwa takwimu za watu wengine hakumsaidii mtu kwa muda mrefu.

Kinyama chenyewe huchukuliwa kwa sindano nyembamba inayofyatuka kutoka kwenye kifaa chenye mlio mkali, ikiongozwa na picha za mawimbi ya sauti, ama kwa kupitia njia ya haja kubwa au kwa kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 10 hadi 12 kutoka sehemu mbalimbali za tezi, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita moja hivi na urefu wa sentimita moja hadi mbili hivi. Siku zinazofuata mwili hutoa ishara nyingi, na ni vyema mgonjwa awe ameambiwa mapema zipi azipuuze, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi husoma habari ya saratani katika kila tone. Damu kidogo kwenye mkojo au kwenye choo kwa siku chache ni jambo la kutarajiwa, na damu kwenye shahawa, ambayo huwashtua wanaume kuliko yote, inaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa huku ikigeuka polepole kutoka wekundu kuwa rangi ya kahawia. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema lolote juu ya majibu. Kinachotakiwa kumrudisha mtu hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, ni homa na kutetemeka, au kushindwa kabisa kukojoa, au damu nyingi yenye mabonge, kwa sababu bakteria wanaoingia kwenye damu kutokana na sindano wanaweza kuua ilhali saratani, kama ipo, haina haraka ya namna hiyo.

Swali linalowasumbua wengi ni kwa nini kazi ya vipande vidogo kiasi hicho ichukue siku nyingi. Jibu liko katika maabara, na kulijua kuna manufaa zaidi ya udadisi. Kila kipande huwekwa kwanza kwenye kopo la formalini, kimiminika kinachozuia nyama isioze na kuikaza ibaki kama ilivyokuwa, na hukaa humo kwa saa nyingi kabla hakijaguswa tena. Baadaye hupitishwa kwenye alkoholi za nguvu tofauti ili maji yote yatoke, kisha kwenye kemikali nyingine inayoiondoa alkoholi, kisha kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa, ambayo huingia mahali maji yalipokuwa. Nta ikipoa, kipande huwa kimefungwa ndani ya kibonge kigumu kinachoweza kukatwa. Mtaalamu wa maabara hukikata kibonge hicho kwa mashine yenye wembe, akitoa utando wenye unene wa takriban mikromita 4, yaani sehemu nne kati ya elfu moja za milimita, ambao huelea juu ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuokotwa kwa kipande cha kioo. Utando hupakwa rangi mbili, moja inayokipa kiini cha seli rangi ya buluu na nyingine inayoipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi, na hapo tu ndipo mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayetambua magonjwa kwa kuangalia nyama na seli kwa hadubini, anapoweza kuketi na kuanza kusoma. Kwa hiyo hata mahali ambapo kila mashine inafanya kazi na kila mtu yuko kazini, siku mbili au tatu hupita kabla ya jicho la kwanza kutua kwenye kioo.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki siku hizo huwa wiki, na sababu zake ni za kawaida kabisa: wataalamu wa patholojia ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa za miji mikuu, sampuli kutoka mikoani husafirishwa kwa basi hadi kwenye maabara inayoweza kuzipokea, kemikali huisha, na mtu mmoja husoma vioo vya hospitali nne. Kuchelewa kwa majibu, basi, hueleza zaidi hali ya maabara kuliko hali ya tezi. Ipo hali moja ya kitaalamu inayoongeza siku, nayo ni pale msomaji anapokutana na kijisehemu kidogo kinachotia shaka na kuagiza rangi maalumu zinazoonyesha kama safu ya nje ya seli, ambayo tezi yenye afya huwa nayo na saratani huipoteza, bado ipo. Lakini hata agizo hilo hutolewa ili kumlinda mgonjwa asiambiwe jambo lisilo na uhakika, na huweza kuishia kwa habari njema. Mwanamume anayehesabu siku na kuamini kwamba ukimya wa hospitali ni njia ya kumficha jambo anaupa ukimya huo maana ambayo haunayo.

Kwa nini akili huteseka kiasi hicho kwa jambo ambalo bado halijulikani? Utafiti wa University College London, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications, uliwaweka watu 45 mbele ya mchezo wa kompyuta ambamo walibashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka, na kila nyoka alipotokea walipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Watafiti walipima jasho na ukubwa wa mboni za macho, wakakuta kwamba msongo ulifika kileleni pale uwezekano wa kupigwa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu, na kwamba aliyekuwa na hakika ya kuumia alitulia kuliko asiyejua. Kusubiri majibu ni hali ileile ikirefushwa kutoka sekunde hadi wiki, na mtu anayejikuta akisema ni afadhali angeambiwa tu kwamba anayo, wala hajarukwa na akili. Anaeleza namna ubongo wa binadamu unavyofanya kazi.

Kazi iliyo karibu zaidi na mada hii ni ya mwanasaikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside, ambaye pamoja na wenzake aliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliokuwa wakisubiri kwa miezi minne matokeo ya mtihani wa uwakili wa jimbo hilo. Wahitimu hao walijaribu kila mbinu ambayo watu hujaribu: kujisahaulisha, kujilazimisha kutumaini mema, kujiandaa kwa mabaya, na kuitafutia faida hasara ambayo haijatokea. Mbinu hizo hazikupunguza wasiwasi kwa kiwango cha kujivunia, na wengi walikuwa na wasiwasi zaidi mwanzoni na tena siku za mwisho zilipokaribia, huku katikati kukiwa na nafuu. Jambo la kushangaza lilionekana baada ya matokeo kutoka, kwa kuwa wale waliokuwa na wasiwasi mkubwa wakati wa kusubiri ndio waliozipokea habari mbaya kwa uimara zaidi, na habari njema kwa furaha zaidi, kuliko waliopita kipindi kile kwa utulivu. Ni kweli kwamba mtihani wa uwakili hauui, na mtu asiyahamishe matokeo hayo hadi wodini bila tahadhari. Hata hivyo yanatosha kumwondolea mgonjwa mzigo mmoja usio wa lazima, ule wa kujilaumu kwamba anaogopa. Wapo ndugu na hata watumishi wa afya wanaomwambia mgonjwa asiwe na wasiwasi, kana kwamba utulivu ni sehemu ya dozi, na matokeo yake ni kwamba mtu huyo sasa anaogopa mambo mawili, saratani na hofu yake mwenyewe.

Kuuwekea wasiwasi mipaka ni jambo jingine na linawezekana. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, walichapisha matokeo ya mbinu ambayo hadi leo hutumiwa na washauri nasaha: mwenye wasiwasi hutenga nusu saa kila siku, mahali palepale na saa ileile, ambapo huruhusiwa kuwaza yote anayoyaogopa kwa kina, na wazo linapomjia saa nyingine huliahirisha hadi saa yake. Mbinu hiyo inafaa kwa sababu haimwagizi mtu asiwaze, amri ambayo hakuna anayeiweza, ila humpa mahali pa kuwazia; na ni busara saa hiyo isiwe ya kulala, kwa kuwa usiku fikra hukosa mpinzani. Sweeny na wenzake wamekuta pia kwamba muda wa kusubiri hupita kwa wepesi zaidi kwa mtu aliyezama katika kazi inayomtaka akili na mikono kwa kiwango kinacholingana na ujuzi wake, hali ambayo mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza. Televisheni haitoi hali hiyo, wala simu, kwa kuwa vyote viwili huiacha akili ikitangatanga; kinachoitoa ni kazi kama kutengeneza kiti, kushona nyavu, kupiga hesabu za duka zilizolala tangu mwaka jana, au bao mbele ya mchezaji asiyeonea huruma kosa la kete. Kwa wenye imani, sala zenye saa maalumu hufanya kazi inayofanana, kwa sababu huigawa siku na kuuvunja mfululizo wa mawazo, na hakuna sababu ya daktari kulidharau hilo.

Simu inastahili neno la ziada. Mara tu habari inapowafikia jamaa, makundi ya WhatsApp hujaa matangazo ya mizizi na poda zinazodaiwa kumaliza ugonjwa wa tezi dume kwa siku chache, na mgonjwa aliyekosa la kufanya huona kwamba kununua ni kufanya jambo. Ieleweke kwamba hakuna dawa inayoweza kubadilisha kilichokwisha kufungwa ndani ya nta, na kwamba kumeza vitu visivyojulikana siku chache baada ya sindano, wakati mwili unapigana na uwezekano wa maambukizi, ni kuliongezea tatizo tatizo.

Uzito mwingine hutokana na ukimya wa kiume. Kwa kuwa ugonjwa huu unagusa mkojo, tendo la ndoa na njia ya haja kubwa, na kwa kuwa kipimo cha tezi kwa kidole kimegeuzwa kichekesho cha vijiweni, wanaume wengi hufika hospitali peke yao, huchukuliwa kinyama kwa siri na kurudi nyumbani wakisema walikuwa na shughuli mjini. Siri hiyo kwa kawaida haidumu, kwani mke anayeona mumewe akiamka mara nne usiku, na sasa akifua nguo zake mwenyewe, anajua kwamba kuna jambo, na mara nyingi hulidhania baya kuliko lilivyo. Novemba 2014, Ikulu ya Tanzania ilipotangaza kwamba Rais Jakaya Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, jambo lililokuwa likinong'onwa likasomwa kwenye taarifa ya habari, na hapo wanaume wengi wakapata namna ya kulitaja bila aibu. Mgonjwa halazimiki kuwaambia watu wote. Anayewajulisha mtu mmoja au wawili aliowachagua, wenye uwezo wa kusikiliza bila kuhubiri, ana msaada wa kutosha, na huo mzunguko mdogo humwepusha pia na maswali ya kila siku ya kama majibu yametoka.

Hofu hulishwa zaidi na imani kwamba majibu ni mawili tu, kuwa nayo au kutokuwa nayo, na kwamba la kwanza ni kifo. Karatasi ya patholojia ina majibu mengi kuliko hayo. Inaweza kusema kwamba seli ni salama na tezi imetanuka tu, au kwamba kuna uvimbe wa maambukizi. Inaweza kusema kwamba kuna seli zenye sura ya kutia shaka ambazo hazitoshi kuitwa saratani, jibu linalokera kwa sababu huenda likarudisha kipimo kile kile. Na inaweza kusema saratani, ikifuatwa na namba. Namba hizo zinatokana na kazi ya Donald Gleason, mtaalamu wa patholojia wa hospitali ya maveterani ya Minneapolis, ambaye katika miaka ya 1960 alizipanga saratani za tezi dume kwa sura ya mpangilio wa seli, kuanzia 1, inayokaribia tezi ya kawaida, hadi 5, ambayo mpangilio umevurugika kabisa. Daraja la mpangilio ulioenea zaidi hujumlishwa na daraja la mpangilio mwingine uliopo, na siku hizi jumla ndogo inayotolewa kwenye kinyama ni 6, hivyo mgonjwa akisoma 6 kati ya 10 na kudhani yuko katikati ya hatari, kumbe yuko chini kabisa. Ni kwa ajili ya kuondoa mkanganyiko huo kwamba mfumo mpya wa makundi, kuanzia 1 hadi 5, ulikubaliwa mwaka 2014, na 6 ya zamani ikawa kundi la 1.

Saratani ya kundi la 1 mara nyingi haitibiwi papo hapo. Mgonjwa hufuatiliwa kwa PSA na vipimo vya kurudia, na matibabu huanza tu saratani ikionyesha dalili ya kubadilika. Utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi katika makundi ya kufuatiliwa, kupasuliwa na kupigwa mionzi, na matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba takriban asilimia 3 tu walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, bila tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Hata saratani iliyosambaa ina matibabu tangu Charles Huggins wa Chicago aonyeshe mwaka 1941 kwamba kuipunguza homoni ya kiume huisinyaza, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Desmond Tutu aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1997 na alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 90. Sababu ya mifano hiyo kutosikika mitaani ni kwamba katika ukanda huu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na wale ndio ambao jirani huwakumbuka. Aliyegunduliwa mapema na kuendelea na shamba lake hana kisa cha kusimuliwa msibani. Hayo hayafanyi alama ya Gleason ya 9 au 10 kuwa habari nyepesi, kwa maana alama hizo hudai vipimo vya mifupa na picha za mwili bila kuchelewa, ila humpa mgonjwa picha ya njia inayofuata kila jibu.

Ikiwa wakati wa kusubiri usingizi umepotea kwa majuma, chakula hakishuki, au mawazo ya kujiua yamejitokeza, hapo mipaka iliyoelezwa haitoshi na mgonjwa anapaswa kumwona mtaalamu wa afya ya akili bila kusubiri majibu, kwa kuwa hali hiyo yenyewe ni ugonjwa unaotibika.

Siku ya kusomewa, ni vyema mgonjwa aende na yule aliyemchagua, mwenye kalamu, kwa sababu mtu akishasikia neno saratani husikia machache yanayofuata. Maswali yenye faida ni ya wazi: vipande vingapi kati ya vilivyochukuliwa vina saratani, alama ni ngapi na kundi ni la ngapi, kama kuna haja ya picha zaidi, na kama majibu ni safi, PSA irudiwe lini, kwa kuwa sindano 12 hugusa sehemu ndogo tu ya tezi na zinaweza kuikosa saratani iliyopo. Uamuzi wa matibabu kwa kawaida hauhitaji kufanywa siku hiyo, na anayeombwa kutia saini ya upasuaji kabla hajatoka chumbani ana haki ya kuomba muda. Aombe pia nakala ya ripoti, na aulize namba ya sampuli yake na maabara iliyoisoma, maana vibonge vya nta na vioo huhifadhiwa kwa miaka, na mtaalamu mwingine, katika hospitali nyingine au hata nchi nyingine, anaweza kuvisoma upya bila mgonjwa kuchomwa sindano tena.